Mama Yule Hakuwa Akiigiza

Somo: Luka 2:41-52



Baadhi yenu mmeniuliza mbona tangu Krismasi iliyopita sijaandika neno katika gazeti letu juu ya jambo lililotupata usiku ule wa mchezo wa watoto. Wengine mmeniuliza kwa upole, na wengine, najua, mmeulizana wenyewe njiani mkirudi nyumbani baada ya Misa. Ni kweli nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mwenye kosa katika jambo lile nilikuwa mimi, na mwenye kosa hupenda kungoja mpaka watu wasahau. Lakini yule mama hajasahau, wala mtoto wake hajasahau. Basi leo nasema.

Nieleze kwanza kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na kwa ndugu wa mitaa mingine wanaofikiwa na gazeti hili. (Hao wakisikia Pangani hudhani ni ile ya Tanga, penye mto mkubwa na bahari. La, yetu ni hii ya Kibaha, ya mikorosho na vumbi.) Ilikuwa tarehe 28 Desemba, siku ambayo Kanisa huwakumbuka Watoto Wasio na Hatia, wale wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Vijana wetu walitayarisha mchezo wa kuigiza juu ya habari hiyo, nao waliutayarisha kwa bidii. Askari wa Herode walishonewa mavazi, mikuki ikachongwa, na mama mmoja wa kwaya akapewa sehemu ya Raheli anayewalilia watoto wake. Kwa kuwa kanisa letu ni dogo, tulikaa nje chini ya mwembe, na taa mbili zikafungwa juu ya matawi.

Askari walipoingia, wakipiga madebe na kupasua baruti za sikukuu, umeme ulikatika. Haukukatwa na mtu, ulikatika kama unavyokatika siku zote. Vijana hawakusimama. Waliona giza limewasaidia, wakazidi kupiga kelele na kukimbia huku na huku, na watoto wa Bethlehemu wakatawanyika kama walivyofundishwa. Ila katikati yao alikuwapo mmoja ambaye hakufundishwa. Alikuwa na miaka sita, mgeni kwetu, amehamia na mama yake mwezi uleule. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alimwingiza mchezoni jioni ileile kwa nia njema, ili asijione mpweke. Hakuna aliyemwambia kwamba askari wale ni kaka zake wa kwaya.

Taa ziliporudi, mama yake alikuwa amesimama katikati ya uwanja akiita jina la mwanawe. Raheli wetu naye alikuwa akilia, kama ilivyoandikwa katika mchezo. Basi watu wakaona akina Raheli wawili. Nakumbuka mtu nyuma yangu alisema, "Huyu wa pili ndiye hodari." Wengine wakapiga makofi. Nami, padre wenu, niliyekuwa nimeketi mbele kwenye kiti kizuri, nilimwinamia nikamwambia, "Mama, keti kidogo, ni mchezo tu, mtoto yupo na wenzake." Akaniambia, "Padre, mwanangu simwoni." Nikamwambia tena aketi.

Yapata robo saa ilipita kabla ya mimi kuinuka katika kiti kile.

Tulimtafuta kwa muda wa saa mbili hivi. Nawashukuru wote waliotoka usiku ule, vijana wa bodaboda na majirani zetu Waislamu, ambao walikuja mbio kabla ya baadhi ya Wakristo. Lakini tazameni jinsi tulivyotafuta. Vijana walewale waliocheza askari walishika tochi, nao bado wamevaa mavazi ya askari, wakaingia mikorosho wakiita jina lake kwa sauti zilezile. Mtoto alituona vizuri. Alikuwa amejificha katika tanuru la matofali lililokwisha kupoa, nasi tulipita hapo mara tatu. Kila tulipomwita alizidi kujisogeza ndani.

Mwishowe mama yake akasema, "Padre, waambie wanyamaze." Tukanyamaza. Akaomba tochi zizimwe, zikazimwa. Kisha akaita peke yake, gizani, kwa jina lile la nyumbani ambalo sisi hatulijui. Ikatoka sauti ndani ya tanuru, "Mama, wameshaondoka?"

Siku zilizofuata nilitafuta neno la kujitetea. Nilijiambia kwamba mambo haya hutokea, hata kwa watu wenye elimu na mipango kuliko sisi. Hapo nikakumbuka habari ya Nairobi ya mwaka 2015, nikaisoma upya nikitumaini itanipa faraja. Haikunipa.

Ndugu, mwaka ule jirani zetu wa Kenya walikuwa na jeraha bichi. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, alfajiri, watu wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Mabasi yaliwaleta walionusurika mpaka Uwanja wa Nyayo, Nairobi, na huko wazazi waliwangoja. Wengine waliwaona watoto wao wakishuka. Wengine waliona basi likiisha watu, wakangoja lingine, na mwisho wakaelekezwa kwenda chumba cha maiti cha Chiromo kutambua mwili. Huko Garissa kwenyewe, siku ya Jumamosi Kuu, siku mbili baada ya mauaji, alikutwa msichana mmoja wa miaka 19 yu hai, amejificha kabatini chini ya nguo. Waokozi walipomwambia atoke, alikataa. Aliogopa kwamba hao nao ni wauaji. Ilibidi aletwe mwalimu wake, mtu ambaye yeye anamjua, ndipo akaamini na kutoka. Mimi niliposoma hayo nilifunga kitabu changu cha Sala nikakaa kimya, maana niliona tanuru la matofali.

Basi baada ya miezi minane, siku ya Jumatatu tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore, palepale Nairobi, kilifanya mazoezi. Nia ilikuwa njema: kupima kama watu wa chuo na vikosi vya uokoaji wako tayari, yakitokea tena kama ya Garissa. Wachache walijua. Wengi, wanafunzi na wafanyakazi, hawakujua. Ikasikika milio ya risasi. Wale wasiojua wakafanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya baada ya Garissa: wakakimbia, wakakanyagana, wakapanda kingo za madirisha, wakajitupa kutoka ghorofa za juu. Makumi ya watu waliumia. Mama mmoja, mfanyakazi wa chuo, aliruka kutoka ghorofani, akafa kwa majeraha yake. Chuo kikaomba radhi, nacho kikaahidi kuwagharimia waliojeruhiwa.

Siwaandikii haya ili niwahukumu wale wa Nairobi. Ningewahukumu kwa kinywa gani? Wala sisemi mazoezi ni mabaya. Shule zetu zinapaswa kuwafundisha watoto njia ya kutoka moto ukiwaka. Wazee mnakumbuka Shauritanga kule Rombo, Juni 1994, ambako wasichana zaidi ya arobaini waliteketea bwenini usiku mmoja. Mtoto aliyefundishwa njia anaweza kuokoka. Lakini kufundishwa ni kuambiwa. Asiyeambiwa hayumo mazoezini hata kidogo. Kwake yeye askari ni askari, na dirisha ni dirisha, na ardhi iliyo chini ni ngumu vilevile.

Sasa mfikirie mzazi wa siku ile ya Jumatatu. Yuko kazini, au sokoni, au yuko kijijini mbali kabisa. Simu inamwambia kwamba chuo anachosoma mwanawe kimevamiwa. Anapiga, haipokelewi. Anapiga tena. Kichwani anaiona Nyayo, anaiona Chiromo. Anatoka mbio. Njiani mtu anamwambia, "Usihofu, ilikuwa mazoezi tu." Mnadhani mzazi huyo alikaa chini akacheka? Hakuwa na haja ya kujua ilikuwa nini. Alikuwa na haja ya kujua mwanangu yuko wapi. Mpaka amwone kwa macho, neno "mazoezi" ni upepo. Na mwisho wa siku ilikuwapo nyumba moja ambayo habari iliyofika haikuwa ya mazoezi hata kidogo.

Kalenda yetu inaiita siku hiyo, 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea. Yohana anatuambia kwamba Andrea, baada ya kukaa na Yesu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtafuta Simoni ndugu yake. Ndivyo alivyoanza utume wake, kwa kumtafuta mtu wa nyumbani.

Tugeuke basi kwenye Injili. Habari hii tumeisikia tangu utotoni nasi huiruka haraka ili tufike hekaluni, tumwone Yesu wa miaka kumi na miwili akiwastaajabisha walimu. Leo tusifike huko upesi. Tubaki njiani na Yusufu na Mariamu.

Walikuwa wamekwenda Yerusalemu kwa Pasaka, kama ilivyokuwa desturi yao kila mwaka. Sikukuu ikaisha, wakaanza kurudi Nazareti, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Watu walisafiri kwa misafara, ukoo na kijiji pamoja, kwa ajili ya usalama. Luka anasema walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa katikati ya jamaa zao, watu wanaomjua mtoto tangu kuzaliwa, na katika jamaa kubwa namna hiyo, kama ilivyo kwetu, mtoto hula popote na kulala popote. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake. Msafara ulionekana umetimia. Jioni, walipopanga kulala, ndipo ilipoonekana kwamba kutimia kule kulikuwa kwa macho tu.

Mimi ndilo kosa langu hili. Nilipomwambia mama yule "mtoto yupo na wenzake", sikuwa nimemwona. Nilidhani. Nilikuwa na mchezo uliopangwa vizuri mbele yangu, kila mtu na sehemu yake, nami niliuamini mpango kuliko nilivyomwamini mama. Mwalimu alidhani mtoto ameambiwa, askari walidhani watoto wote ni wale waliofanya nao mazoezi, watu walidhani kilio ni cha mchezo. Ukikusanya dhana zetu zote za usiku ule hupati hata mtu mmoja aliyemshika mtoto mkono.

Liko jambo lingine katika Luka ambalo sikuwahi kuliona mpaka mwaka huu, na nimekuwa padre si siku chache. Anasema walimtafuta kwanza katika jamaa zao na wenzao. Wasipomwona, wakarudi Yerusalemu wakimtafuta. Hao ni wao wawili. Luka hamtaji hata jamaa mmoja aliyerudi nao. Labda wako waliorudi, wala sitaki kuwasingizia watu wa Nazareti. Lakini wasiotajwa hawatajwi. Msafara, kwa jinsi habari ilivyoandikwa, uliendelea na safari yake, na mume na mke wakageuka peke yao, wakipishana na watu wanaotoka sikukuu, wakipanda tena mlima ule. Bila shaka wako waliowaambia, "Msihangaike, mtoto mwenyewe mkubwa huyo, atakuja." Watu husema hivyo wakati wote. Husemwa na wale ambao watoto wao wamekwisha kulala.

Siku tatu. Sisi tunajua mwisho wa habari, hivyo siku tatu kwetu ni mstari mmoja. Kwa Mariamu zilikuwa siku tatu. Alipomwona hekaluni hakuanza kwa kusifu majibu yake mazuri mbele ya walimu. Alimuuliza kwa nini amewatenda hivyo, akamwambia jinsi yeye na baba yake walivyomtafuta kwa huzuni. Naye Bwana wetu, ambaye hakutenda dhambi, na ambaye alikuwa na haki ya kuwa katika nyumba ya Baba yake, hakuidharau huzuni ile. Alishuka nao Nazareti akawatii. Mariamu akayaweka yote moyoni. Nasi tuwaache akina mama wayaweke moyoni. Tusiwaambie yamekwisha kwa kuwa mtoto amepatikana.

Najua mmoja wenu atasema, kama alivyoniambia mzee mmoja wa kanisa, "Padre, unakuza jambo. Mtoto alipatikana mzima, hana hata mkwaruzo." Ni kweli, na Mungu atukuzwe. Lakini nilikwenda nyumbani kwa mama yule baada ya majuma mawili, nikaomba radhi. Alinipa kiti, akanipa chai. Halafu akaniambia maneno ambayo nimeomba ruhusa yake niyaandike hapa, naye amenikubalia. Alisema, "Padre, watoto hupotea. Hata sokoni nimewahi kupotelewa naye. Mimi kilichoniuma ni kwamba nilipiga kelele nanyi mkanipigia makofi."

Nilikunywa chai ile ikanipita kooni kama mchanga.

Tangu hapo nimejiuliza ni mara ngapi tumefanya hivyo hapa mtaani, bila taa kukatika na bila baruti. Mzazi anakuja kusema binti yake aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani hapokei simu tangu mwezi wa saba. Tunamwambia, "Vijana wa siku hizi, mama, atakuwa amebadili namba." Baba anasema kijana wake halali nyumbani, na rafiki zake wa sasa hawafahamu. Tunamwambia, "Ujana huo, utapita." Tunayasema haraka, kwa uso mwema, na tunayasema ili tubaki katika viti vyetu. Na huyo mzazi anarudi Yerusalemu peke yake.

Tena, wakati mwingine tunapotoka kwenda kutafuta, twaenda kama vijana wangu walivyokwenda, tumevaa mavazi yaleyale yaliyomtisha. Kijana aliyekimbia nyumbani kwa sababu ya viboko, tunamtumia ujumbe kwamba akirudi ataona. Binti aliyepata mimba akajificha kwa shangazi, tunampelekea kamati. Halafu twashangaa kwamba hatoki. Yule msichana wa Garissa hakutoka mpaka aliposikia sauti ya mtu asiyeweza kuwa mmoja wa wale. Kristo mwenyewe alisema kondoo huijua sauti ya mchungaji, na mgeni humkimbia. Nilikuwa nikihubiri habari hiyo kana kwamba inamsifu mchungaji tu. Sasa naona inamtetea kondoo vilevile: hana kosa kukimbia sauti asiyoijua.

Liko neno la imani ambalo sitaki kuliacha. Katika karne za kwanza za Kanisa walitokea watu waliofundisha kwamba Mwana wa Mungu hakuteswa kweli. Walisema mwili wake ulikuwa kama kivuli, na msalabani alionekana tu kana kwamba anaumia. Kwao kuja kwake kulikuwa mchezo wa kuigiza, wenye heshima kubwa lakini mchezo. Ignasio, askofu wa Antiokia, aliwapinga mwanzoni mwa karne ya pili, huku akiwa amefungwa minyororo akipelekwa Rumi kuuawa. Aliuliza: ikiwa Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, mbona mimi nimefungwa kwelikweli? Hoja yake ni fupi na mtu yeyote aliyeumia anaielewa. Mungu alipomwita Adamu bustanini akiuliza yuko wapi, hakuwa akifanya mazoezi. Alipokuja kututafuta hakutuma sauti kutoka kiti kizuri. Aliingia gizani kwetu, akafungwa, akatobolewa, akafa, akalazwa kaburini. Kwa hiyo kila Jumapili twaungama kwamba aliteswa, akafa, akazikwa, wala hatuongezi neno "kana kwamba".

Mtaa unaomwabudu Mungu wa namna hiyo hauwezi kumwambia mama anayeita, "Keti, ni mchezo tu." Hata kama kweli ni mchezo. Kwanza mtafute mtoto. Ukishamwona, umshike mkono, umlete kwa mama yake, ndipo mwendelee na mchezo kama bado mna moyo wa kuendelea.

Nimezungumza na Baraza la Mtaa, nalo limekubaliana nami kwa mambo machache. Lipo daftari jipya la Shule ya Jumapili, lenye jina la kila mtoto na namba ya simu ya mzazi wake, na mwalimu atawahesabu wakiingia na wakitoka. Hakuna mtoto atakayetiwa katika mchezo wowote bila mzazi kujua na bila mtoto mwenyewe kuwaona waigizaji mchana, uso kwa uso, wakiwa bila mavazi ya mchezo. Kabla ya mchezo kuanza watu wataambiwa kwamba akitokea mtu kusema hamwoni mtoto wake, taa ziwashwe na kila mtu asimame, hata ikiwa katikati ya wimbo. Jenereta tunayo ahadi yake, lakini tusiitegemee ahadi. Baruti hapana tena. Vijana wamenuna kidogo juu ya baruti, nami nawaelewa, lakini ndivyo ilivyo.

Vijana wale, nataka mjue, si wabaya. Yule aliyecheza mkuu wa askari alikuja kwangu analia. Alisema amemsikia mtoto akipita karibu naye gizani usiku ule, akihema, naye akazidi kunguruma kwa kuwa alidhani mtoto anaigiza vizuri. Nilimwambia asibebe peke yake mzigo wa watu wote. Amekwenda mara kadhaa kwa mama yule kumsaidia kuteka maji. Mwanzoni mtoto alikuwa akiingia ndani kila amwonapo. Juma la tatu alikaa mlangoni. Sasa, nimeambiwa, humletea ndoo, huiweka chini hatua chache kutoka kwake, kisha hurudi kwa mama yake.

Mwaka huu, tarehe 28 Desemba, hatutacheza. Tutakuwa na Misa saa kumi jioni, jua lingali juu, na tutasoma majina ya watoto wote wa mtaa huu, kila mmoja aitike au mzazi wake amwitikie. Tutasoma pia majina ya wale ambao wazazi wao wanawatafuta. Kama unaye, mlete jina lake kwangu au kwa katekista kabla ya Jumapili ya mwisho ya Majilio. Usione haya. Hakuna atakayekuuliza ilikuwaje kabla ya kukuuliza alionekana wapi mara ya mwisho.

Mama yule nimemwalika. Amesema atakuja, ila mtoto hatakaa mbele na wenzake, atakaa naye, karibu na mlango. Nimemwambia ni sawa, na kwamba mlango utakuwa wazi.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa, Pangani